Kitabu Kisichokubali Nakala

Nairobi, 11 Juni 1995

Dada Assia,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, kazi ya vipuri inakwenda. Baridi ya Nairobi tu ndiyo inanitesa, nalala na soksi kama mgonjwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu mdogo wetu amekuwa waziri, hajibu barua. Tangu mwezi wa tatu Massoudi hajaniletea karatasi ya ligi. Utaratibu wetu unaujua: msimu wa mchezo wake wa kocha wa mpira ukiisha kwenye ile kompyuta kuukuu ya biro yenu, ofisini kwenu forodha, anachapa msimamo, anaandika matusi yake pembeni kwa kalamu, nami nabandika ukutani juu ya kitanda. Mara ya mwisho timu yake ya mtaa wetu wa Buyenzi, aliyoipa majina yetu sote, ilikuwa ya pili, na mimi, kaka yake mkubwa niliyemnunulia mchezo wenyewe, aliniweka benchi nyuma ya Khaled, ambaye mtaa mzima unajua hawezi kudaka hata kuku.

Mwambie hivi. Vijana wote wa mjini wanacheza disketi za wizi. Yeye nilimnunulia ule wa halali, dukani, kwa risiti, kwa kuwa marehemu Baba hakutaka kitu cha wizi kivuke kizingiti chetu. Najua ule wa halali una adha. Kila ukiuwasha unakudai neno kutoka kitabu chake, ukurasa fulani, mstari fulani, na kitabu kimechapwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu iliyoiva, ili mashine ya fotokopi ikitoa nakala itoe giza tupu. Ndiyo maana nilimwambia asikiache bironi, asimwazime mtu, kikae ndani ya mkoba wake popote aendapo. Kikipotea, mchezo haufunguki tena.

Nisipopata karatasi hadi mwisho wa Agosti, nitapanda basi nije kuitazama ligi hiyo mwenyewe. Sitanii. Redio za huku zinasema mambo ya Bujumbura ambayo nyinyi hamniandikii.

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Anouar


Bujumbura, 24 Juni 1995

Kaka Anouar,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Bi Sumaya mchuuzi wa vitenge, na hii anakuletea yeye.

Sote wazima. Massoudi ana mitihani, ndiyo maana amekuwa mzito wa kuandika. Tena utepe wa printa umekauka na patron wangu, mwenye biro, Bwana Pontien, hataki kununua mwingine kabla mizigo haijaanza kuingia vizuri bandarini. Kwa hiyo karatasi itachelewa. Tafadhali usisome jambo lingine ndani ya kuchelewa huko.

Kuhusu kuja, usije. Sina la kueleza zaidi kwenye karatasi, wewe unajua barua inapita mikono mingi. Mama amesimama hapa mlangoni, anasema nikuandikie maneno yake jinsi yalivyo: "We bakia kule kule. Kula, lala, fanya kazi. Huku mi nipo."

Dada yako,
Assia


Bujumbura, 24 Juni 1995

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta la Sanduku,
Nairobi.

YAH: KITABU CHA MCHEZO WA KOCHA WA MPIRA

Bwana,

Mimi ni karani katika wakala wa forodha hapa Bujumbura. Mwaka jana kaka yangu, Anouar Ramadhani, alinunua kwenu mchezo wa kocha wa mpira, akamtumia mdogo wetu, Massoudi. Mdogo wetu alifariki mwezi wa nne mwaka huu. Kitabu cha mchezo kilikuwa pamoja naye na hakikurudi. Sasa kompyuta inanidai neno, inanipa nafasi chache za kubahatisha, kisha inajifunga.

Naomba kitabu kingine, au neno moja litakaloufungua mchezo siku zote. Gharama nitailipa.

Bwana, mimi sichezi michezo. Ninachotaka ni kuchapa karatasi moja tu ya msimamo wa ligi. Kaka yetu yuko hapo Nairobi na hajui habari ya msiba. Mama amekataza asiambiwe, kwa sababu akiambiwa atakuja, na barabara za kuingia mtaani kwetu si za kijana kupita wakati huu. Akipata karatasi hiyo atatulia huko aliko. Ndiyo sababu naomba jibu la haraka, na naomba lije kwa biro yangu, si kwake.

Wako mtiifu,
Assia binti Ramadhani


Nairobi, 13 Julai 1995

Kwa Bi Assia binti Ramadhani,

Barua yako imepokelewa na Idara ya Wateja. Pole kwa msiba.

Nasikitika kukujulisha kwamba neno moja la kufungua siku zote halipo. Mchezo huchagua ukurasa na mstari mpya kila unapowashwa. Kitabu hatuwezi kukituma kwa faksi. Kingefika cheusi chote, na ndivyo watengenezaji walivyokusudia.

Kitabu cha badala hutolewa kwa mnunuzi aliyetuletea kuponi. Kuponi imechapwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Ikiwa hana kuponi, mnunuzi mwenyewe aje dukani na risiti, atie sahihi.

Vilevile tunahitaji maelezo ya jinsi kitabu kilivyopotea. Samahani kwa swali hili. Wateja wengi hutuandikia kwamba kimepotea ilhali wamekiuza pamoja na nakala za disketi. Barua za misiba nazo huja, na si zote zilizo za kweli.

Wako,
Byamungu, Idara ya Wateja
Duka la Kompyuta la Sanduku


Bujumbura, 29 Julai 1995

Bwana Byamungu,

Kuponi ya kuomba kitabu kipya imo ndani ya kitabu kilichopotea. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi nikidhani ni mimi nisiyeelewa.

Sikulaumu kwa swali lako. Na mimi kazi yangu ni kumwuliza mwenye mzigo karatasi zake, na humtazama usoni kama mwongo kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo nitakueleza. Barua hii Bi Sumaya ameishona ndani ya pindo la kitenge. Ukimaliza kuisoma, ichane.

Massoudi alikuwa akija bironi kwetu saa za chakula cha mchana, acheze mpaka wafanyakazi warudi. Siku hiyo alikuja na rafiki yake Khaled. Walipokuwa wanarudi nyumbani walikuta bariyeri mpya barabarani. Walioisimamisha sitawataja, hata kama ningewajua. Walipekua mifuko. Khaled alikuwa na disketi ya wizi mfukoni, wakaigeuza, wakamrudishia. Kwenye mkoba wa Massoudi wakakuta kitabu.

Wewe unakijua. Kurasa nyekundu, namba zimepangwa ukingoni, herufi juu, na katikati maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote. Wakamwuliza anaongea na nani kwa alama hizi, na hao watu wake wa msituni wako upande gani wa milima. Khaled anasema Massoudi alicheka. Alidhani kueleza ni rahisi. Akawaambia ni mchezo wa mpira. Mmoja akauliza, "Mupira gani inachezwa na kitabu ya siri?" Massoudi akawaeleza kwamba ni kwa ajili ya wezi, ili mtu asiye na kitabu asiweze kufungua. Akawaeleza hata kwamba haikubali fotokopi. Kila alilosema lilikuwa kweli, na kila la kweli lilizidi kumfunga. Wakamwambia Khaled aende. Khaled alienda, na wiki iliyofuata alivuka ziwa kwenda Kigoma. Mimi simlaumu Khaled.

Maiti tulipewa. Tulimzika tukiwa watu wachache, haraka.

Disketi yake Khaled aliniachia. Haiulizi neno lolote. Inafunguka kama mlango wa choo cha sokoni. Lakini ni toleo jingine, haikubali kusoma timu ya Massoudi; inaanza na timu ngeni, na kaka yangu angejua papo hapo. Aliyeiba anacheza. Aliyelipa ndiye anayeulizwa maswali, na nyinyi bado mnauliza.

Samahani kwa sentensi hiyo. Nimeiacha kwa sababu karatasi nzuri zimekwisha.

Kaka yangu hawezi kuja dukani kutia sahihi, sababu umeielewa sasa. Yeye ndiye aliyemwambia Massoudi akibebe kitabu popote aendapo. Mama anaogopa atauawa njiani akija. Mimi naogopa hilo, na naogopa zaidi siku atakapojua ni nini walichokikuta kwenye mkoba. Tafadhali, asijue.

Assia


Nairobi, 6 Agosti 1995

Assia,

Ulisema mitihani. Nimemwuliza mtoto wa mtaa wa Ngagara aliyefika kutoka huko wiki hii, ameniambia shule nyingi zimefungwa, mitihani gani? Ulisema utepe. Nilimpa Bi Sumaya utepe awaletee, amerudi na salamu zenu tu, anatazama chini.

Mimi si mtoto. Kama Massoudi ameingia kwenye makundi ya silaha, niambie. Kama amefungwa, niambie, nitauza vipuri vyote nimtoe. Kama ananichukia kwa kuwa niliondoka nikawaacha na Mama, basi aandike hivyo kwa mkono wake, nitalipokea. Nataka mistari miwili tu yenye mwandiko wake. Hata tusi.

Nimeshaongea na dereva wa basi. Mwezi huu ukiisha nakuja.

Anouar


Bujumbura, 15 Agosti 1995

Kaka Anouar,

Nisamehe. Nitakueleza ukweli, na usimkasirikie.

Massoudi ameharibu kitabu. Mvua za mwezi wa nne zilipovuja paani, mkoba wake ulikuwa chini ya tundu. Kurasa ziligandana, na alipojaribu kuzibandua zilichanika. Amekosa uso wa kukuambia, kwa jinsi ulivyomsisitiza akitunze. Ndiyo maana hakuna karatasi, na ndiyo maana haandiki. Unamjua akiwa na aibu. Anakaa uani anakwaruza ukuta kwa msumari.

Usihangaike. Nimeshaliandikia duka ulikonunua, watatuletea kingine, na utapata ligi yako. Mpe muda. Usipande basi. Naomba kwa jina la Mama, usipande basi.

Assia


Nairobi, 2 Septemba 1995

Dada Assia,

Naandika barua hii nyumbani kwangu, si kwenye karatasi ya duka.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Najua bariyeri ni nini. Barua yako ya pili niliichana kama ulivyoomba, na nilikuwa nimeshaamua nikutumie kitabu bila kuponi na bila sahihi, nikutafutie njia. Nilichelewa.

Jumatano aliingia kijana mrefu mwenye mikono ya grisi, ameshika risiti. Akasema anataka kitabu cha mchezo wa kocha, mdogo wake wa Bujumbura amekilowesha na anaona aibu kumwambia. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Alisema, "Mjinga huyu ameacha kuniandikia kwa ajili ya karatasi."

Dada, nilipoliona jina kwenye risiti sikusikiliza maneno mengine. Nilikuwa nimebeba habari zenu mwezi mzima. Nilisimama, nikamshika mkono kwa mikono miwili jinsi sisi tunavyofanya, nikamwambia pole kwa mdogo wako, Mungu amlaze pema. Ulimi ulitangulia. Nilidhani huenda mmeshamwambia na nyinyi ndio mliomtuma; kicheko chake hakikuniingia akilini. Kisha nikaona uso wake.

Aliniuliza, mdogo gani. Nikajaribu kurudi nyuma, nikasema nimekosea mteja. Hakunipigia kelele. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Kaka, umeshaanza. Malizia." Nami nikamalizia. Aliniuliza tena na tena walikuta nini kwenye mkoba, kama mtu anayetaka jibu libadilike. Wateja walikuwa nyuma yake.

Alipoinuka alitia sahihi kwenye daftari, kwa kuwa nilikuwa nimelifungua tayari. Kitabu alikiacha mezani. Nakutumia kwa Bi Sumaya, ni haki yenu, mlikilipia.

Nimefanya kazi miaka mingi ya kuwauliza watu waaminifu wathibitishe kwamba si wezi. Sijui nikuombe msamaha kwa lipi.

Byamungu


Nairobi, 9 Septemba 1995

Assia,

Najua. Usiandike barua nyingine ya uongo, huna haja.

Ulimwandikia mtu wa duka ukweli, mimi ukaniandikia mvua. Sikukasirikii. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Nilisema asimwazime mtu. Nilisema kikae kwenye mkoba. Nilimwandikia hata kwenye jalada la ndani, kwa kalamu, "Usiachane nacho." Nilitaka asiwe mwizi. Khaled alikuwa na cha wizi, na Khaled yuko Kigoma anakula samaki.

Mwambie Mama asiogope tena kwamba nitakuja. Siji. Si mwezi huu, si mwakani. Uso wa kumtazama sina. Atanipa mkono niubusu, na mkono wangu ndio uliofunga kile kifurushi.

Zile karatasi za ligi nimezibandua ukutani. Nitaendelea kutuma pesa ya chakula. Mnihesabu hivyo tu.

A.


Bujumbura, 24 Septemba 1995

Kaka Anouar,

Barua yako nilimsomea Mama. Sikuruka neno. Nimechoka kuruka maneno.

Kwanza nikueleze habari ya kitabu. Bi Sumaya alikileta bironi. Nilingoja wenzangu watoke kwenda kula, nikawasha kompyuta. Ikadai neno, nikalitafuta kwenye zile kurasa nyekundu huku nimefunga mlango kwa kiti, nikaandika herufi moja moja. Mchezo ukafunguka. Timu yake ipo, majina ya vijana wa mtaa mzima yapo, walioondoka na waliokufa wote wana afya njema na wanalipwa mshahara. Mechi inayofuata ilikuwa inangoja. Kwenye skrini palikuwa na maneno yanayomtaka kocha achague kikosi. Nilikaa mbele ya maneno hayo. Ningeweza kubonyeza, mechi ichezwe, nichape karatasi. Sikujua yeye angemwanzisha nani. Nikazima.

Jioni ilipokaribia nikatambua kwamba siwezi kutoka na kitabu. Bariyeri ile bado ipo, na njia ya nyumbani ni hiyo. Kwenye droo sikuweza kukiacha. Siku hizi wanapekua hata biro. Nilikichana nikakichoma kwenye pipa la nyuma tunapochomea makaratasi ya forodha. Bwana Pontien alipita, akaniuliza ninachoma nini. Nikasema makosa ya chapa. Kwa hiyo mchezo hautafunguka tena, na sitaki mtu yeyote atuletee kitabu cha tatu.

Sasa Mama. Nilipomaliza kusoma barua yako alikwenda kutawadha, akaswali alasiri, akarudi. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu alinishika kidole niandike:

"Ule alinunua kitabu ni mutoto wangu. Ule alibeba kitabu ni mutoto wangu. Aliyeua si mumoja wao. Mi nilimukataza kuja, juu ya kutaka abakie muzima. Sasa nasikia kule anakufa polepole, peke yake. Apana. Mwambie aje nimuone."

Nilimwambia barabara bado mbaya. Akasema anajua barabara kunishinda mimi.

Kuna jambo sikuwahi kukuandikia. Hatukumsomea Massoudi hitma. Arobaini ilipita mlango umefungwa, chungu hakikupandishwa jikoni, kwa sababu tukialika watu, mfanyabiashara yeyote angekufikishia habari Nairobi. Majirani walijua, wakawa wanapita mbele ya nyumba kama wanaopita mbele ya wanaowadai. Shekhe amemwuliza Mama mara mbili. Kila mara Mama alisema, "Bado." Nilidhani anaogopa. Leo amenieleza: hitma ya mtoto asiye na baba husimamiwa na kaka yake, na hataki mwanamume mwingine aketi mahali pako.

Zile barua zangu zote za kukuambia usije, zichane. Njoo, Kaka. Pitia Kigali, si njia ya kusini. Ukifika mjini usije mtaani moja kwa moja. Njoo bironi kwangu mchana, wakati watu ni wengi barabarani, tutakwenda nyumbani pamoja, mwanamke na mwanamume na kapu la mboga. Wakikusimamisha, mimi ndiye nitakayeongea. Nimejifunza kuongea kidogo.

Usilete zawadi. Usiwe na mkoba. Mbali na kitambulisho usibebe kitu chochote kilichoandikwa, wala gazeti, wala risiti ya basi, wala anwani ya biro yangu, ikariri kichwani. Hata barua hii iache huko huko. Yote niliyoyaandika humu nitakwambia tena kwa mdomo.

Dada yako,
Assia